SOMO: Kugeuza baiskeli ya gia nyingi iwe ya gia moja, na nani asithubutu

Wakuu, habari za Jumapili. Somo hili niliahidi tangu mwezi uliopita, mkanikumbusha mpaka nikaona haya. Leo nimekaa chini na chai yangu, tulimalize.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, aina ile ya milimani, tairi za 26, gia 18: tatu mbele, sita nyuma. Siku nilipoinunua niliona nimepata mali. Mwaka mmoja baadaye, Tabata hadi Kariakoo na kurudi, nikagundua natumia gia moja tu. Nyingine zilikufa zenyewe. Waya wa mbele uliliwa na kutu, swichi ya kulia ikapasuka, na ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni ukapinda siku baiskeli ilipoangukia upande wake pale stendi. Fundi akanitajia bei ya kufufua vyote. Nikapiga hesabu nikaona kwa pesa hiyo napata friwili mpya ya gia moja (yale meno ya nyuma yanayoliacha tairi lizunguke hata usipopiga pedeli), cheni mpya, na bado inabaki ya vitafunwa.

Isitoshe mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia Ngamiani, mahali ambapo ukipita asubuhi unakuta baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa kila nyumba ya pili. Ya kwetu ilikuwa Phoenix nyeusi ya mzee, keria kubwa, dinamo, kengele ya kuamsha mtaa. Watu huziita baiskeli zisizo na gia. Si kweli. Gia inayo, ila ni moja, na aliyeichagua alikuwa kiwandani Uchina, hajui barabara yako wala uzito wa gunia lako. Ukishalielewa hilo umelielewa somo lote: mwenye gia moja anachagua mara moja tu, kwa hiyo achague kwa hesabu.

Utamu wake nauweka mapema ili nisionekane naleta tu malalamiko ya mwinuko. Kwanza ukimya. Hakuna kinachogonga nyuma, hakuna cheni inayosugua pembeni. Halafu akili inapumzika: mbele kukiwa na foleni unapiga pedeli, kukiwa na mteremko unaacha. Cheni inakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo inadumu. Masika yakija na matope, hakuna mkono wa nyuma wa kujaa udongo. Na popote ikikuharibikia, fundi yeyote chini ya mwembe ana friwili yako au anajua duka linaloiuza.

Sasa twende.

Hatua ya 1. Ijaribu njia kabla ya kushika spana

Chagua gia moja kwenye baiskeli yako kama ilivyo, zungushia swichi utepe usiweze kuigusa, kisha endesha njia yako ya kila siku kwa siku tatu. Nenda asubuhi na jioni, na siku moja beba mzigo wako wa kawaida. Jaribio hili halina gharama, na limeokoa watu wengi wasije kunilaumu. Ikifika siku ya tatu unashuka na kusukuma mara mbili kwa safari, funga ukurasa huu, katengeneze gia zako.

Niseme kwa nini, maana watu hudhani ni uvivu. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 95, kwenye mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100. Si mlima huo, ni kilima cha kawaida. Kwa gia yangu ya sasa, ukitaka kuzungusha pedeli mara 60 kwa dakika hapo, miguu inatakiwa kutoa kama wati 250. Mtu wa kawaida anaweza kwa dakika chache, baada ya hapo anaanza kuona nyota. Gia nyepesi kabisa ya baiskeli ya gia 18 ingekudai kama wati 100 kwa mizunguko hiyo hiyo. Ungepanda polepole, kilomita 6 kwa saa, lakini ungepiga stori. Mwenye gia moja hana mlango huo. Anachoweza ni kupunguza mizunguko, kusimama juu ya pedeli na kukandamiza. Hapo ndipo magoti yanapoingia kwenye bili.

Kwa hiyo wa Kimara juu, wa Marangu, wa Lushoto: nawapenda, lakini somo hili lisomeni kwa burudani.

Hatua ya 2. Hesabu meno

Hii ndiyo hatua mafundi wengi huiruka. Wanakufungia iliyopo dukani.

Chukua meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma, zidisha kwa mzingo wa tairi. Jibu ni mita unazokwenda kila pedeli inapozunguka mara moja. Tairi nene ya 26 ina mzingo wa karibu mita 2.07. Tairi ya 28 ya Phoenix ni kama mita 2.2. Kama huamini, weka alama ya chaki kwenye tairi, sukuma mpaka alama irudi chini, pima kwa futi kamba.

Yangu ilikuwa na meno 24, 34 na 42 mbele. Nyuma kuanzia 14 hadi 28. Nzito kuliko zote, 42 kwa 14, ilinipa mita 6.2. Nyepesi kuliko zote, 24 kwa 28, mita 1.8. Kati ya hizo mbili ndipo unapochagua pa kuishi. Mimi nilichagua 34 kwa 16, yaani mita 4.4. Nikizungusha mara 70 kwa dakika, mwendo wa mtu asiye na haraka, nakwenda kilomita 18 na nusu kwa saa. Nikitaka kilomita 26 lazima nizungushe mara 100, miguu inakwenda kama cherehani na wapita njia wanacheka. Hiyo ni hasara ya pili ya gia moja ambayo haisemwi sana: kwenye mteremko au upepo wa nyuma, wa gia nyingi anakuacha huku anapiga mluzi.

Kwa uzoefu wangu, lami tambarare bila mzigo inakubali mita 4.8 hadi 5.4. Mji wenye vilima vifupi kama Dar, mita 4 hadi 4.5. Mchanga, matope, ndoo za maji au abiria, shuka chini ya 4 na usione aibu. Ukisita kati ya mbili, chukua nyepesi. Upepo wa pwani wa mchana utakushukuru.

Jambo jingine: jino moja la nyuma lina nguvu kuliko jino moja la mbele. Ukitoka 16 kwenda 17 nyuma, gia inalegea kwa kama asilimia 6. Ukitoka 34 kwenda 33 mbele ni asilimia 3 tu. Kwa hiyo anza na friwili. Ni rahisi pia kuliko krenki (mikono ya pedeli na meno yake).

Hatua ya 3. Chunguza fremu

Inama uangalie mahali ekseli ya nyuma inapokaa. Kama mkato umelala, tairi linaweza kuvutwa nyuma kukaza cheni, umebahatika. Phoenix za kizamani ziko hivyo, na zina skrubu mbili ndogo za kulivuta tairi. Kama mkato umesimama wima, tairi halina pa kwenda, na cheni haitakaza hata uombe dua. Hapo unahitaji kigurudumu kidogo cha kukazia cheni. Ukikosa, tumia ule ule mkono wa gia wa zamani kama bado mzima: uondolee waya, kisha zungusha zile skrubu zake mbili za kuwekea mpaka, hadi usimame sawasawa na jino la nyuma (kuanzia hapa nikisema jino la nyuma au la mbele, ni duara lote la meno). Haipendezi macho, lakini inafanya kazi.

Angalia na habu, kile kiini cha tairi la nyuma. Kama meno ya nyuma yamefungwa kwa uzi kama kifuniko cha chupa, hiyo ni friwili, tuko pamoja. Kama yametelezeshwa juu ya mwili wa habu na kubanwa kwa nati ya nje, hiyo ni kaseti, na friwili ya Phoenix haitaingia. Uliza mwisho, nitakujibu.

Hatua ya 4. Vifaa

Spana namba 15, kifaa cha kutolea pini ya cheni, kifunguo cha friwili kinacholingana na meno ya ndani ya friwili yako, mafuta ya taa, grisi, brashi kuukuu. Cha muhimu kuliko vyote ni jiliwa lililofungwa imara kwenye meza. Huna? Nenda kwa fundi wa vyuma, mpe soda.

Hatua ya 5. Kuvua

Toa cheni, swichi, nyaya na mkono wa nyuma. Viweke kwenye mfuko, usitupe. Kuna mtu mtaani anavitafuta. Kama meno ya mbele yamepigwa ribiti kwenye krenki, kama yangu, usihangaike kuyatenganisha. Yaache. Lile jino kubwa la nje litakusaidia kuzuia cheni isichomoke, na suruali isiliwe.

Friwili ndiyo kazi. Kila ulipopiga pedeli tangu siku ya kwanza ulikuwa unaikaza. Ingiza kifunguo, kishikilie kwa nati ya ekseli kisiruke, bana kifunguo kwenye jiliwa, kisha shika tairi lote kama usukani wa lori uzungushe kinyume na mwendo wa saa. Ikianza kulegea, legeza nati ya ekseli kwanza kabla ya kuendelea, la sivyo utavunja kitu.

Hatua ya 6. Friwili mpya na mstari wa cheni

Safisha uzi, paka grisi (usisahau, siku moja utataka kuitoa), funga friwili kwa mkono. Ikigoma mwanzoni, rudi nyuma uanze tena. Uzi wa habu ukiharibika, habu imekwenda.

Sasa simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja. Jino la nyuma na jino la mbele viko kwenye mstari mmoja? Mara nyingi haviko. Friwili ya gia moja hukaa ndani, karibu na spoku, wakati jino la kati mbele liko nje zaidi. Tofauti ya milimita mbili vumilia. Ikizidi, cheni italia na itachomoka. Dawa ni kuhamisha washa za ekseli: toa upande wa kulia uweke kushoto au kinyume chake, mpaka mstari unyooke, kisha fundi arudishe ringi katikati kwa kukaza spoku upande mmoja na kulegeza mwingine. Mimi nilipofanya hivyo nikapata faida nisiyoitarajia. Kwenye gia nyingi ringi huvutwa upande wa kulia kuachia nafasi ya meno sita, spoku za kulia zinabana sana na za kushoto zinalegea. Kwa gia moja pande mbili zinakaribia kulingana, tairi linakuwa imara. Tangu hapo sijavunja spoku.

Hatua ya 7. Cheni

Cheni zote za baiskeli hizi zina nusu inchi kati ya pini na pini. Tofauti ni upana. Ya gia nyingi ni nyembamba, milimita 2.4 kwa ndani. Ya gia moja ni milimita 3.2. Friwili nene haiingii kwenye cheni nyembamba, kwa hiyo nunua nene. Itazunguka vizuri hata juu ya jino jembamba la mbele, labda kakelele kidogo.

Sukuma tairi mbele kiasi ili ubaki na nafasi ya kukaza baadaye, zungusha cheni, kata panapotosha. Kaza mpaka ukiibonyeza katikati kwa kidole inacheza kama sentimita moja hadi moja na nusu. Kisha zungusha krenki polepole. Utaona mahali inakaza na mahali inalegea, kwa sababu meno ya mbele hayako duara kamili. Pima pale inapokaza zaidi. Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa inakula beringi za habu na za krenki.

Nati za nyuma zikaze kwelikweli. Mimi nilikaza kwa heshima tu. Siku ya pili, taa za Buguruni zikaruka kijani, nikasimama juu ya pedeli, tairi likavutwa mbele upande wa kulia, cheni ikachomoka, nikabaki katikati ya barabara nimekumbatia usukani. Kondakta mmoja alinipa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Hatua ya 8. Breki

Kagua vipira vya breki. Ukihamisha ringi, vipira navyo vimehama. Zunguka mtaani kwanza, kaza kila nati tena baada ya kilomita kumi, ndipo uingie barabara kubwa.

Haya, maswali.

Kutoka Tabora: Kaka, shukrani kwa somo. Binti yangu anakwenda shule kilomita 9, nusu ni mchanga, na mchana anapitia maji kisimani. Ana ya 28, mbele meno 44, nyuma 18. Anachoka sana. Nimnunulie ya gia?

Dada, kabla ya kununua nyingine, badilisha friwili. Kwa sasa anakwenda mita 5.4 kwa kila mzunguko. Hiyo ni gia ya mtu mzima kwenye lami. Weka 22 ukiipata, itashuka hadi 4.4. Ukikosa, 20 itampa 4.8. Atachelewa dakika chache lakini atafika na miguu. Punguza kidogo na upepo wa tairi sehemu za mchanga. Na tazama kiti: wengi huwakalisha watoto chini mno wakiogopa wataanguka. Kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Hapo peke yake utaona tofauti.

Kutoka Moshi: Mkuu umetunyanyapaa watu wa mlimani. Babu yangu kapanda na gia moja miaka yote.

Alipanda, au alisukuma? Muulize vizuri. Babu zetu walikuwa wanashuka na ndizi na kupanda wameshika usukani kwa mkono, baiskeli ikiwa toroli. Si aibu, ndivyo kazi ilivyofanyika. Hata Tour de France, mashindano makubwa kuliko yote, yalipiga marufuku mikono ya kuhamisha cheni mpaka mwaka 1937 yaliporuhusu. Kabla ya hapo mpanda baiskeli alikuwa na jino kila upande wa tairi la nyuma. Akifika chini ya mlima anashuka, anafungua tairi, analigeuza lile jino kubwa lije upande wa cheni, anapanda, na juu kule anafungua tena. Hao ni mabingwa wa dunia. Wewe na mimi tunaenda sokoni.

Kutoka Kisumu: Naomba kupinga kidogo. Huku tuna zile Buffalo za shirika la World Bicycle Relief. Zilianza na gia moja na breki ya kurudisha pedeli nyuma, keria ya kubeba kilo 100, na kila mtu aliambiwa gia moja ndiyo dawa ya kijijini. Halafu mwaka 2023 wenyewe wakaleta ya gia mbili. Kama gia moja inatosha, mbona walibadili?

Umenipiga ngumi safi. Na umeona walivyofanya? Hawakuweka waya wala mkono wa nyuma. Friwili mbili, cheni mbili, ukirudisha pedeli nyuma kidogo inabadilika. Maana yake waliona ninachosema: tatizo la gia nyingi vijijini ni vile vitu vinavyoning'inia na nyaya zinazoshika kutu. Na waliona unachosema wewe: mwenye kilo 100 nyuma yake anahitaji mlango wa pili akifika kwenye kilima. Kama ningeweza kupata mfumo huo kwa bei ya friwili na cheni, somo hili nisingeliandika.

Kutoka Unguja: Assalaam alaykum. Mimi nina ya mtumba ya Kijapani, ile ya kikapu mbele. Gia tatu, lakini nyuma naona jino moja tu na cheni moja. Nimebaki na gia moja, nyingine hazishiki. Nifuate somo?

Waalaykum salaam. Hapana ndugu yangu, usiiguse! Hiyo gia ziko ndani ya habu, hazilowi mvua, hazipigwi na kitu. Ufundi huo ni wa zamani. Sturmey-Archer wa Nottingham, Uingereza, walianza kuujenga mwanzoni mwa miaka ya 1900. Gia ya kati ni kama gia moja ya kawaida, ya chini inapunguza karibu robo, ya juu inaongeza karibu theluthi. Zisiposhika, mara nyingi ni waya umelegea au umekauka ndani ya mpira wake. Weka waya mpya, weka gia ya kati, ulinganishe alama pale kwenye habu. Hiyo uliyonayo ni bora kuliko yangu, nasema bila wivu. Kwa wivu kidogo.

Kutoka Buyenzi, Bujumbura: Sisi huku tunashuka na ndizi kutoka Bugarama, zaidi ya mita 1,000 kuteremka, gia moja. Kupanda vijana wanashikilia malori. Swali langu ni breki: vipira vinaisha haraka sana.

Ndugu, hapo gia haina kosa, kosa ni joto. Kwenye mteremko mrefu usibane breki muda wote taratibu. Bana kwa nguvu, punguza mwendo, achia ringi ipoe, bana tena. Gawa kati ya mbele na nyuma. Simama katikati ya safari, mimina tone la maji kwenye ringi, likichemka, pumzika. Na beba vipira vya akiba mfukoni. Kuhusu malori sina ushauri wa kiufundi, zaidi ya kuwaombea.

Kutoka Sinza: Bro, vipi kuhusu ile isiyo na friwili kabisa, pedeli zinazunguka tu, na breki unaondoa? Nimeona video za wapeleka vifurushi wa New York, kali sana.

Mdogo wangu, usiondoe breki. Wajapani wanakimbiza baiskeli za namna hiyo kwenye keirini, mashindano yao ya uwanjani, tangu 1948, hawana breki, na hawana hata bodaboda mmoja anayekuja upande usio wake. Uwanja umefungwa. Ukiipenda gia isiyo na friwili, weka angalau breki ya mbele, na jua kwamba kwenye mteremko hupumziki: tairi likizunguka, miguu nayo lazima izunguke. Kamba ya kiatu ikiingia kwenye cheni, haisimami kukusubiri.

Kutoka Morogoro: Nimeweka cheni mpya lakini nikikandamiza inaruka jino. Ya zamani haikuwa inaruka.

Meno yako ya nyuma yamechoka pamoja na cheni ya zamani. Yalizeeka wote, wakaelewana. Ulipoleta mpya ukavunja ndoa. Badilisha friwili. Na wengine wote, pimeni cheni mapema: rula ya inchi, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, pini 24 mbele. Cheni mpya inagota inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, badilisha cheni peke yake. Ikizidi kwa tatu, andaa pesa ya friwili pia.

Kutoka Dodoma: Mimi nina kaseti. Uliahidi.

Nimeahidi. Kaseti unaitoa yote, unabakiza jino moja, na mahali pa mengine unaweka vipande vya bomba vilivyokatwa kwa vipimo, ndani na nje, kisha nati yake unairudisha. Faida yake ni kwamba unasogeza jino kulia au kushoto mpaka mstari unyooke, bila kugusa ekseli. Chagua jino lililosimama wima, siyo yale yaliyokatwa pembeni kusaidia cheni kuhama, hayo yataiachia.

Kutoka Temeke: Mkuu niko hatua ya tano sasa hivi, simu iko kwenye kiti. Friwili haitoki. Nimezungusha mpaka mikono inatetemeka.

Unazungusha upande gani? Friwili ikiwa chini kwenye jiliwa, ukitazama tairi kutoka juu, lizungushe kinyume na mwendo wa saa. Mimina mafuta ya taa kwenye uzi, subiri nusu saa, gonga kwa nyundo taratibu pembeni. Nati ya ekseli imeshikilia kifunguo? Kisha shika tairi pande mbili, saa tisa na saa tatu, tumia uzito wa mwili. Umwite na mtu.

Kutoka Temeke: Nilikuwa nazungusha upande wa kukaza. Nisamehewe. Imetoka, tumevuta watatu. Sasa tunatafuta namna ya kumwambia fundi kuhusu meza yake.